Ndoo Hamsini za Mpagazi wa Chuma

Swali la kwanza ambalo Mwalimu aliniuliza kuhusu hadithi yangu halikugusa wahusika, wala lugha, wala mwisho wake. Tulikuwa tumekaa barazani kwake Newala, masika yamekwisha na baridi ya juu huku imeanza kuuma jioni, naye ameshika karatasi alizochapishiwa na mjukuu wake, kurasa kumi na nne zilizobanwa kwa pini, pembeni zimejaa maandishi ya kalamu nyekundu. Alivua miwani, akanitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, hilo jitu lako la chuma linakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka Mtwara asubuhi ile nikiwa nimejiandaa kuzungumzia chimbuko la hadithi, maana ndilo jambo aliloniandikia kwenye ujumbe wake: kwamba ameisoma mara mbili, kwamba alifundisha sayansi shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba angependa kujua wazo kama lile linamjia mtu kutoka wapi. Mazungumzo yetu ya siku ile yamenikaa moyoni kiasi kwamba nimeona ni haki niyaandike, kwa sababu nilikwenda kumweleza chimbuko la hadithi yangu, nikarudi nikiwa nimeonyeshwa sehemu ya chimbuko hilo ambayo mwenyewe nilikuwa sijaiona.

Kwa ambaye hajaisoma, hadithi inaitwa "Mpagazi wa Chuma". Ni ya aina ile ambayo wapenzi wake huiita stimupanki, jina lililobuniwa na mwandishi wa Kimarekani mwaka 1987, yaani hadithi zinazochukua zama za injini za mvuke na kuuliza ingekuwaje kama mvuke ungefika mbali kuliko ulivyofika: magari yanayotembea kwa miguu ya chuma, vyombo vya angani vyenye tanuri, saa zinazofikiri. Nyingi zimewekwa London, katikati ya ukungu na makoti marefu. Mimi niliitaka ya kwetu. Kwa hiyo nikamuumba Somoe, binti wa mhunzi, mzaliwa wa Newala anayeishi Mingoyo, ambaye mwaka 1911 anaunda mtambo wenye miguu sita na tumbo la shaba, unaokwenda kwa mvuke, ili ubebe mifupa ya mijusi wa kale (dinosaria) kutoka kilima cha Tendaguru mpaka bandari ya Lindi badala ya watu kuibeba kichwani. Katika nusu ya pili anautoroshea mtambo huo kwao, juu ya Uwanda wa Makonde, ufanye kazi ya watu wake.

Nilimweleza Mwalimu kwamba mbegu ya hadithi ni mifupa yenyewe. Kila mtoto aliyesoma Lindi au Mtwara amesikia habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru, na wengi wetu tumezisikia kwa sentensi moja tu, kwamba mifupa yake ipo Ujerumani. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ulioanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ukachimba hapo, na mwaka 1937 kiunzi cha mjusi huyo kikasimamishwa Berlin, ambacho leo urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Hayo yanajulikana. Mimi nilishikwa na njia, ile njia ya kutoka kilimani hadi pwani. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda, kwa hiyo hakukuwa na mnyama wa kukokota gari, na zaidi ya tani 200 za mifupa ziliteremka hadi Lindi kwa vichwa na mabega ya watu. Mifupa ilifungwa kwa mianzi iliyopasuliwa na kukandikwa udongo ili isivunjike njiani, ile mikubwa ikaning'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa kwa pamoja, safari baada ya safari, kwa miaka.

Nimeshatazama sana picha za wachimbaji na wapagazi wale. Wachache mno kati yao wamebaki na majina. Mmoja ni Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye wataalamu walikuja kumpa heshima mwaka 2007 kwa kuingiza jina lake katika jina la kisayansi la mjusi mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Waliobaki ni migongo, vitambaa vya kichwani na vivuli. Nilipokuwa natazama migongo ile ndipo nilipotamani, kwa hasira ya mtu aliyechelewa miaka mia moja, niwatue mizigo. Nikaona hadithi inaweza kufanya hivyo. Nikaunda mtambo.

Mwalimu alisikiliza yote hayo akitikisa kichwa taratibu. Kisha akaniuliza umbo la mtambo nililitoa wapi, nami nikamwambia limetoka Nachingwea. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa reli iliyotoka pwani kwenda huko wakati wa ule mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951, baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Alikuwa akituhadithia juu ya matrekta yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita, na jambo hilo ni la kweli, kwa maana vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kuletwa kung'oa visiki vya miti yetu. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Sisi tulikuta tuta lake tu, tukilitumia kama njia ya mkato kwenda mabondeni. Mtoto anayekua akitembea juu ya tuta la reli isiyokuwapo hujifunza kuijaza mwenyewe, na nadhani nimekuwa nikiijaza tangu wakati huo.

"Vyema," akasema Mwalimu. "Sasa turudi kwenye maji."

Aligeuza ukurasa wa mwisho, upande usio na maandishi, akachukua ile kalamu nyekundu. Aliniuliza mtambo una nguvu za farasi ngapi, kwa kuwa hadithi haikusema. Nikakisia kumi. Aliniuliza kama mvuke ukishafanya kazi unarudi kwenye chungu au unatoka nje, nami nikamkumbusha kwamba unatoka, kwa sababu nimeandika, na kwa fahari kubwa, kwamba mtambo "ulipumua wingu jeupe kila hatua". Akaandika. Injini ndogo ya mvuke ya kizamani, isiyorudisha maji yake, hutumia zaidi ya lita 10 za maji kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Farasi kumi ni zaidi ya lita 100 kwa saa. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20. Kwa hiyo ni ndoo 5 kila saa, na mtambo ukitembea saa 10 kwa siku, ni ndoo 50.

Aliizungushia duara ile 50, akanisukumia karatasi.

"Mzigo wake?"

Nilikuwa nimeandika kwamba unabeba mizigo ya wapagazi arobaini. Mzigo wa mpagazi wa siku zile ulikaribia kilo 30, kwa hiyo ni kilo 1,200. Ndoo 50 za maji ni kilo 1,000. Mwalimu hakuongeza neno. Alisubiri nione mwenyewe kwamba mtambo wangu, niliouunda ili niwatue watu mizigo, unadai kila siku mzigo mwingine unaokaribia kuwa sawa na ule unaoubeba, na kwamba mzigo huo wa pili lazima ubebwe na mtu. Kiangazi, ambapo ndipo uchimbaji ulipofanyika, vijito vingi vya njiani vimekauka. Maji yangetafutwa kando ya njia, visimani na mitoni, yakaletwa. Kwa kichwa.

Alisema jambo ambalo nimelinakili kama lilivyo: "Umewaondoa wanaume barabarani, ukawaweka wanawake vichakani, halafu hukuwaandika."

Nimeshasomwa na watu wengi, na wapo walionisifu na wapo walionikosoa, lakini hakuna aliyewahi kuniambia sentensi ya kweli kuliko hiyo. Nilikwenda kusoma hadithi yangu upya usiku ule. Neno "maji" halimo hata mara moja katika nusu ya kwanza. Moto umo, mkaa umo, shaba imo, filimbi imo, mafuta ya nazi ya kulainisha viungo yamo. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne juu ya mvuke pasipo kufikiri umetoka wapi, ilhali mvuke ni maji tu yaliyopewa nafasi, kiasi kwamba lita moja ikichemka yote hujaza takriban lita 1,700.

Kwa mwandishi wa Uingereza jambo hilo pengine halimsumbui, kwa sababu mahali injini ya mvuke ilipozaliwa maji yalikuwa ni kero. Injini ya Thomas Newcomen, ya mwaka 1712, ilikuwa na kazi moja: kuvuta maji yaliyokuwa yakijaa kwenye migodi. Mashine ile ilizaliwa ndani ya maji na ikapewa kazi ya kuyatoa. Mtu aliyekulia huko anaweza kuandika juu ya mitambo ya mvuke maisha yake yote bila kuuliza nani amechota. Mimi nilizaliwa Kusini, nikaazima hadithi pamoja na usahaulifu wake. Naona hilo ndilo kosa langu hasa, kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Na kosa lilikuwa kubwa zaidi katika nusu ya pili, pale Somoe anapoupandisha mtambo Newala. Asiyeijua Newala ni lazima nimweleze. Uwanda wa Makonde uko juu, una mvua za kutosha kwa korosho na muhogo, lakini ardhi yake ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha inazama, inapita chini kwa chini, na kutokeza kwenye chemchemi za huko mabondeni, chini ya ukingo. Ukisimama pale Shimo la Mungu, nyuma ya mji, unaliona bonde lote limelala chini yako mpaka macho yachoke kuelekea Ruvuma, na maji yako huko. Watu walikuja kukaa juu katika zama za misafara ya watumwa na mashambulizi ya vita, kwa kuwa vichaka vizito na mwinuko viliwaficha. Usalama huo ulilipiwa kwa maji, na waliolipa kila siku, kwa karne nzima na zaidi, ni wanawake na wasichana walioteremka ukingo alfajiri na kupanda nayo jua likiwa kichwani.

Mwalimu ni mmoja wao. Alinionyesha shingoni, chini ya kisogo, mahali ambapo anasema hapajanyooka tangu alipokuwa msichana. Alikuwa anashuka mara moja kabla ya shule. Leo bomba lipo, ingawa si kila siku lina maji, na kama nyumba nyingi za Newala na Tandahimba, yake ina kisima cha saruji kilichochimbwa ubavuni, kinachokusanya mvua kutoka bati la paa kupitia mfereji. Aliniinulia mfuniko wake nikatazama. Kilikuwa kimejaa karibu na mdomo, maji meusi yametulia, na juu yake jani moja la mkorosho limeelea. Aliliona, akaingia ndani, akarudi na kikombe chenye mpini mrefu, akalitoa lile jani kwa uangalifu ambao mtu mwingine angeutumia kumtoa mtoto mchanga kitandani. Maji yaliyoingia kikombeni pamoja na jani hakuyamwaga chini. Aliyapeleka kwenye mche wa mwembe.

Mimi nilikuwa nimeuleta mtambo unaopumua mawingu kwa watu hawa, nikauita zawadi.

Nilijaribu kujitetea kwa njia ya ufundi. Nilimweleza habari ya tatu ya chimbuko la hadithi, ambayo sikuwa nimepanga kuisema mbele ya mtu wa heshima kama yeye: kwamba mtambo wa kwanza wa mvuke nilioutazama kwa macho yangu ulikuwa ule wa kupikia nipa. Msimu wa korosho mabibo, yaani matunda ya mkorosho, huwa mengi mpaka yanaozea chini ya miti. Yakikamuliwa na kuchachuka ni uraka, na uraka ukichemshwa na mvuke wake ukapozwa ni nipa. Pombe hiyo imekatazwa kisheria na imewaumiza wengi, nami siisifu. Lakini nikiwa na miaka minane nilichungulia nyuma ya nyumba ya jirani nikaona pipa juu ya mafiga, mdomo wake umezibwa kwa udongo, bomba limetoka ubavuni likapita ndani ya beseni la maji baridi, na kwenye ncha ya bomba tone linaning'inia, linanenepa, linaanguka ndani ya chupa. Sikuwahi kuona kitu chenye subira vile. Pipa la Somoe lina udongo mdomoni kwa sababu hiyo.

Mwalimu alicheka kwa furaha, akaniambia nina jibu mkononi na sijalitumia. Ikiwa mpika nipa anaweza kuurudisha mvuke ukawa tone, kwa nini Somoe asiweze?

Basi tukakaa na swali hilo mpaka taa zikawashwa. Kupoza kwa beseni kunahitaji maji baridi, na maji baridi ndiyo tusiyonayo; beseni lenyewe hupata moto na lazima libadilishwe. Ipo njia nyingine, ya kuupoza mvuke kwa upepo, ndani ya mabomba mengi membamba yanayopulizwa na pangaboi. Jambo hilo si ndoto. Mwaka 1953 Afrika Kusini ilianza kuendesha injini za treni za namna hiyo, zile za daraja la 25, mahususi kwa nyika kavu ya Karoo, nazo ziliokoa karibu asilimia 90 ya maji. Zilikuwa na kasoro moja, kwamba matunzo yake yalikuwa ghali mno, na baadaye nyingi zikageuzwa kuwa za kawaida. Mwalimu alipiga hesabu: asilimia 90 ya ndoo 50 ikiokolewa, zinabaki ndoo 5. "Hizo," akasema, "wasichana watano wanaweza kuzileta. Lakini bado ni wasichana watano. Watafute majina."

Aliniuliza pia, kabla sijaondoka, kama nilifikiria kuingiza Maji Maji, kwa kuwa vita ile ilianza Umatumbini mwaka 1905 kwa watu kung'oa pamba, ikaisha 1907, na wale waliokwenda kuomba kibarua Tendaguru mwaka 1909 walikuwa wametoka katika vita na katika njaa iliyoifuata. Nilimjibu kwamba nilifikiria nikaogopa. Neno "maji" katika vita ile lina uzito wake, na kulichezea pamoja na mvuke ili tu hadithi ipate mlinganisho mzuri naona ni kuwakosea waliokufa. Hilo alilikubali. Lakini alisisitiza kwamba njaa sharti iwemo, walau katika miili ya watu, kwa maana mtu aliyepona njaa miaka miwili nyuma hawezi kuutazama mtambo unaokula kuni na kunywa maji bila kuuliza utamwachia nini. Nimelichukua shauri hilo kama lilivyo. Mama yake Somoe sasa ndiye anayeuliza, na anauliza mapema.

Tulipingana katika jambo moja tu. Mwalimu hakupenda tanuri ya Somoe kuchomwa maganda ya korosho, kwa sababu mwaka 1911 korosho haikuwa zao la biashara huku. Mikorosho ililetwa pwani na Wareno zamani, lakini mashamba makubwa yalikuja baadaye sana. Yeye anaona hilo ni kosa la historia. Mimi nimeliacha, na nitaendelea kuliacha. Hadithi za aina hii zina ruhusa ya kuvuta tarehe mbele au nyuma, na moshi wa maganda ya korosho, ule mkali unaowasha macho na kung'ang'ania kwenye nguo, ndio harufu ya Kusini ninayoijua. Pasipo huo mtambo ungeweza kuwa wa mji wowote duniani. Tarehe naweza kuivuta. Ndoo hamsini siwezi kuzifuta.

Nilirudi Mtwara nikaandika upya tangu mwanzo. Zamani hadithi ilianza kwa filimbi ya mtambo ikilia juu ya mji wa Lindi. Sasa inaanza kabla mtambo haujaundwa, alfajiri, Somoe akiwa na miaka kumi na moja anashuka ukingo wa Newala na mtungi kichwani, anahesabu hatua, na katika kuhesabu anajiuliza kwa mara ya kwanza kama kuna kitu duniani kinachoweza kupanda mlima bila kuwa na kiu.

Nilimtumia Mwalimu ukurasa huo wa kwanza kwa simu ya mjukuu. Jibu lilikuja kesho yake, picha ya karatasi yenye wino mwekundu, na sahihisho lilikuwa moja. Mtungi mtupu, ameandika, msichana anayeshuka hauweki kichwani. Anaubeba ubavuni, mkono mmoja umeshika mdomo wake, kwa sababu shingo inatunzwa kwa ajili ya kupanda.

Nimeuteremsha mtungi.